Mtoto Akisema: «Mwalimu Amenikaripia»

Somo juu ya amri ya nne na ya nane



Amri ya nne mnaijua vema: yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Mmekwisha kufundishwa pia kwamba amri hiyo haiishii mlangoni pa nyumba. Yawahusu wote wanaosimama mahali pa wazazi, na mmoja wao ni mwalimu wa watoto wetu. Lakini amri hiyo ina pande mbili. Mtoto yampasa kumtii mkubwa. Na mkubwa naye yampasa kumlea mtoto kwa haki. Watu wengi hukumbuka upande wa kwanza, wakausahau wa pili.

Leo tutazame jambo linalotokea mara nyingi katika vijiji vyetu. Mtoto arudi kutoka shuleni. Aweka daftari chini, akaa pembeni, hataki chakula. Mama amwuliza: «Una nini?» Naye ajibu: «Mwalimu amenikaripia mbele ya wote. Kesho siendi.»

Ni maneno machache tu. Je, baba na mama watayapokeaje? Msidhani ni jambo dogo. Kwa namna ya kuyapokea maneno hayo, mtoto atajua kama nyumba yake ni mahali pa kweli au sivyo.

I. NJIA MBILI ZISIZOFAA

Njia ya kwanza ni ya hasira. Baba asikia neno, aruka kama aliyeumwa na siafu. Hakuuliza lolote. Afika shuleni, asimama mlangoni pa kalasi, amtukana mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Na mama kwa upande wake amekwisha kwenda mtoni kuteka maji, akawasimulia wenzake. Jua halijatua, kijiji chote chasema kwamba mwalimu fulani ni mkali, ni mchawi, awachukia watoto wa watu.

Tazameni matunda ya hasira hiyo. Baba amehukumu mtu bila kumsikia. Mama amelichafua jina la mtu kwa jambo asilolijua, nalo ni kosa juu ya amri ya nane. Na mtoto je? Kesho yake mwalimu hatamkaripia tena, ni kweli. Lakini pia hatamwita ubaoni, hatamsahihisha, wala hatamwuliza kwa nini amekosa hesabu yake. Atamwacha kama mgonjwa wa kuambukiza. Wazee walisema kweli: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Tena mtoto huyo amejifunza jambo baya, yaani kwamba neno lake moja latosha kumwasha baba kama majani makavu. Siku nyingine atalitumia neno hilo kwa uongo.

Njia ya pili yaonekana kuwa njema, kumbe ni mbaya vilevile. Baba asema: «Kama mwalimu amekukaripia, ni kwa sababu umekosa. Nyamaza! Ukisema tena, mimi nami nitakupiga.» Baba huyo adhani kwamba amemheshimu mwalimu. La, sivyo. Amejiepusha tu na taabu ya kuuliza. Naye pia amehukumu mtu bila kumsikia, ila mtu huyo ni mtoto wake mwenyewe.

Sikilizeni vema sasa, maana hapa ndipo penye hatari kubwa. Leo mtoto ameleta neno dogo la sauti kali, akafukuzwa. Kesho huenda akawa na neno kubwa. Huenda vijana wakubwa wamnyang'anya chakula chake njiani na kumtisha. Huenda mtu mzima amwita msichana wako nyumbani kwake jioni, akimwambia asimwambie mtu. Je, mtoto atakuja kwako kulisema? Atakumbuka siku ile uliyomwambia «nyamaza», naye atanyamaza. Mlango uliofungwa mbele ya neno dogo haujifungui mbele ya neno kubwa.

Basi, njia hizo mbili, ijapokuwa moja yaelekea kulia na nyingine kushoto, zatoka katika kosa lile lile: kuhukumu kabla ya kusikia. Nikodemo aliwaambia Wafarisayo kwamba Sheria haimhukumu mtu kabla ya kumsikia kwanza na kujua alilotenda (Yoane, sura ya 7). Kama haki hiyo yampasa mtu mzima, yampasa na mtoto, yampasa na mwalimu.

II. MZEE ELI

Katika Kitabu cha kwanza cha Samweli twaona mkubwa mmoja aliyekosa jambo hili, kisha akalitenda vema. Ni Eli, padri wa hekalu la Shilo.

Siku moja mwanamke jina lake Ana alikuwa akisali humo kwa uchungu, kwa kuwa hakuwa na mtoto. Midomo yake ilitikisika, lakini sauti haikusikika. Eli alimtazama, akadhani amelewa, akamkemea. Kwa nini alikosa? Kwa sababu aliona kwa macho, lakini hakuuliza kwanza. Ana hakumtukana mzee, wala hakukimbia akilia. Alimjibu kwa heshima kwamba hakunywa kileo chochote, bali alikuwa akimweleza Mungu taabu ya moyo wake. Na Eli naye, alipokwisha kusikia, hakushikilia neno lake kwa sababu ya ukubwa wake. Aliligeuza karipio kuwa baraka, akamwaga kwa amani.

Miaka ikapita. Mtoto Samweli, aliyezaliwa na Ana, alikuwa akitumika hekaluni kwa Eli. Usiku mmoja akamwamsha mzee mara tatu, akidhani ameitwa naye. Ninyi mwajua jinsi mzee aliyeamshwa mara tatu anavyoweza kusema! Lakini Eli hakumfukuza. Alimsikiliza, akatambua kwamba sauti ile imetoka kwa Mungu, akamfundisha namna ya kujibu. Na asubuhi, ijapokuwa habari ilikuwa mbaya kwa Eli mwenyewe na kwa jamaa yake, alimtaka mtoto aseme yote, asimfiche neno.

Twajifunza nini? Mkubwa aweza kukosa. Akiambiwa kwa heshima, aweza kutengeneza kosa lake bila kupoteza ukubwa wake. Na mkubwa mwema hutaka kusikia habari yote, hata ile isiyompendeza.

III. NAMNA YA KUMSIKILIZA MTOTO

Kusikiliza ni kazi, tena ina utaratibu wake.

Kwanza, acha ulilokuwa ukilitenda. Weka jembe chini, weka mchi chini. Keti. Mtoto asemaye huku mkubwa akitazama kando hukata maneno yake nusu.

Pili, mwache aseme mpaka mwisho. Usimkatize kwa kumsifu wala kwa kumlaumu. Akinyamaza, mwambie tu: «Haya, na baada ya hapo?» Neno hilo dogo hufungua mengi.

Tatu, uliza maswali ya kweli. Ulikuwa ukifanya nini kabla ya mwalimu kukukaripia? Alisema maneno gani hasa? Nani alikuwa karibu nawe? Wewe ulijibuje? Je, ilikuwa mara ya kwanza? Unaketi wapi katika kalasi? Lakini jihadhari usitie maneno kinywani mwake. Ukimwuliza: «Alikupiga, sivyo?», mtoto mwoga atajibu «ndiyo» kwa sababu aona wataka hivyo. Wala usimwulize jambo lile lile mara kumi, wala usimwite kila mgeni aje kumhoji. Mtoto anayeulizwa sana hubadili maneno yake ili awapendeze wakubwa, kisha mwasema amedanganya.

Nne, tazama na mwili wake, maana mtoto mdogo husema kwa mwili kabla ya kusema kwa kinywa. Tumbo likimwuma kila asubuhi ya kwenda shuleni na kupona siku ya Dominika, akianza tena kukojoa kitandani, akishtuka usingizini, jua kwamba mzigo wake ni mkubwa kuliko maneno yake.

Tano, usimwahidi jambo usilolijua bado. Usiseme: «Nitamkomesha mwalimu huyo.» Wala usiseme: «Umekosa wewe.» Mwambie: «Vema umeniambia. Nitamwuliza mwalimu naye, halafu nitakujibu.»

IV. KUPIMA UZITO WA JAMBO

Mwenye kuuza muhogo sokoni hapimi kwa macho tu. Vivyo hivyo mzazi yampasa kupima neno alilosikia, kwa maana si makaripio yote yana uzito mmoja.

Kuna sauti kubwa isiyo na ubaya. Mwalimu hupaza sauti ili asikike, au kwa kumwokoa mtoto anayetaka kukimbilia barabarani. Tukumbuke pia hali ya shule zetu. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Neno hilo lilianza kutekelezwa Septemba 2019, na shule zetu za Kikatoliki zilizo chini ya mapatano na serikali zilikuwamo. Watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani kwa kukosa fedha waliingia. Ni jambo la furaha. Lakini mahali pengi viti havikuongezeka, wala vyumba, na mwalimu mmoja ana watoto wengi kupita nguvu zake. Mtoto afundishwe kutenganisha sauti kubwa na sauti mbaya.

Kuna sauti ya hasira. Mwalimu amemkaripia mtoto kupita kipimo cha kosa lake, au amemkaripia asiyekosa. Hapa yafaa mzazi aende kusema naye.

Kuna matusi na aibu. Kumwita mtoto mnyama, kulicheka kabila lake, kilema chake au nguo yake iliyochanika, kumtukana mama yake: hayo si mafundisho. Bwana wetu Yezu Kristu, alipofundisha juu ya amri ya kutoua, aliweka na matusi kwa ndugu pamoja nayo (Mathayo, sura ya 5). Mzazi asiyanyamazie. Aende kwa mwalimu. Na mambo yakirudi, aende kwa direkta na kwa komiti ya wazazi.

Mwisho kuna mambo ya hatari: mapigo yanayotia jeraha, vitisho vya kumwangusha mtoto katika mtihani asipotoa kitu, na juu ya yote uchafu wowote unaotendwa kwa mtoto au kutakwa kwake. Hapo usiende kuongea faraghani na aliyekosa. Nenda mara moja kwa direkta na kwa wakubwa wa serikali. Kama mtoto ameharibiwa mwili, mpeleke kwanza hospitali kabla ya saa 72, yaani siku tatu, hazijapita, kwa sababu dawa ya kuzuia ukimwi hutolewa katika muda huo tu, na ikianzwa mapema hufaa zaidi. Sheria ya nchi ya tarehe 20 Julai 2006 yaadhibu makosa hayo kwa ukali. Wala yasimalizwe kwa mbuzi na pombe kati ya jamaa mbili. Mtoto si deni linalolipwa kwa mbuzi.

V. KWENDA KWA MWALIMU

Tuseme sasa jambo ni la uzito wa kati, kama yalivyo mengi. Bwana wetu ametuonyesha utaratibu: ndugu akikukosea, nenda kwanza kwake ninyi wawili peke yenu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia bado, ndipo uwaambie jamaa yote ya waamini (Mathayo, sura ya 18). Yeye hakuanza na mkutano wa kijiji. Alianza na watu wawili.

Basi nenda baada ya masomo, watoto wakiisha kutawanyika. Usiende siku ile ile kama moyo wako wachemka, lala kwanza. Usiende umekunywa. Na maneno ya kwanza yawe ya kuuliza, si ya kushitaki. Tutoe mfano, na mtoto tumwite Petro, wa kalasi ya tatu.

«Jambo, Mwalimu.»

«Jambo sana, Baba Petro. Karibu.»

«Mwalimu, sikuja kwa ugomvi. Mtoto alirudi jana na huzuni. Asema ulimkaripia mbele ya wenzake, na leo imekuwa taabu kumleta. Mimi sikuwapo. Nimeona ni vema nisikie na kutoka kwako.»

Mwalimu afikiri kidogo, kisha asema: «Ni kweli, Baba. Niliandika neno ubaoni, nikamwambia alisome. Akanyamaza. Nikamwambia tena, akatazama chini. Watoto wakaanza kucheka na kufanya kelele. Nikadhani ni kiburi, nikampigia kelele, nikamwita mvivu.»

«Asante kwa kuniambia kweli, Mwalimu. Jana nilimwuliza anaketi wapi, akajibu: nyuma kabisa. Nikamwuliza kwa nini hakusoma. Akasema kwamba akiwa nyuma herufi zote zafanana kama chungu wa mstari mmoja. Aliona haya kulisema mbele ya watu.»

Mwalimu ainua kichwa. «Basi haoni vema! Hakuniambia, nami sikumwuliza. Kesho nitamweka kiti cha mbele.»

«Nami nitampeleka kituo cha afya, wamtazame macho.»

Angalieni, wapendwa: katika mazungumzo hayo hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Kama baba angekuja kwa matusi, asingalisikia habari ya ubao. Kama angalimwambia mtoto «nyamaza», Petro angaliendelea kuketi nyuma mwaka mzima, akiitwa mvivu, mpaka yeye mwenyewe akasadiki kwamba ni mvivu. Na mwalimu alikosa nini? Kosa lile lile tulilokwisha kulitaja: alihukumu kabla ya kusikia.

Si kila mara sababu itakuwa macho. Mara nyingine ni masikio. Mara nyingine ni lugha: nyumbani mtoto asema Kibembe, Kilega au Kitabwa, shuleni akaanzia kwa Kiswahili, kisha Kifaransa chaingia, naye anyamaza kwa sababu hakuelewa swali. Mara nyingine ni njaa, maana alitembea saa nzima bila kula kitu. Na mara nyingine, tuseme kweli, mwenye kosa ni mzazi. Mtoto akaripiwa kwa sababu siku nne hana daftari, na fedha ya daftari baba ameinywa. Baba huyo akienda kuuliza, yampasa kuwa tayari kusikia jibu. Na yako makaripio ambayo mtoto ameyastahili: alimpiga mwenziwe, aliiba kalamu, alidharau. Ndiyo maana twauliza. Mwenye kuuliza kwa kweli hajui bado jibu litakalotoka.

Na kama mwalimu akikataa kusikia, akasema: «Hapa ndimi mkubwa, ondoka»? Usipigane naye. Mchukue mzazi mwingine mwenye busara, mwende pamoja kwa direkta. Mseme yaliyotendeka, siku yake na maneno yake, bila kuongeza kitu. Mnayo haki hiyo. Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika tangazo lake juu ya malezi la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Na sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yataka nidhamu, nyumbani na shuleni, itolewe kwa namna ya kumtendea mtoto kiutu.

VI. KURUDI KWA MTOTO

Hapa wengi husahau. Wamekwenda kwa mwalimu, wamesikilizana vema, wakarudi nyumbani wakanyamaza. Mtoto hakuambiwa kitu. Lakini yeye angojea jibu, kwa kuwa uliahidi.

Mwite, umwambie: «Nilimwuliza mwalimu. Hakujua kwamba huoni. Asema alikosa kukuita mvivu. Kesho utaketi mbele. Nawe siku nyingine usipoona au usipoelewa, inua mkono, useme: Samahani, Mwalimu, sijaona vema.» Mfundishe maneno hayo, ayaseme mara mbili tatu mbele yako. Kama Ana mbele ya Eli, mtoto aweza kujifunza kumjibu mkubwa bila woga na bila matusi.

Kama mtoto ndiye aliyekosa, mwambie pia, kwa upole: «Mwalimu alikukaripia kwa haki. Kesho utakwenda kumwomba radhi.» Hapo hatachukia, kwa sababu alisikilizwa kwanza. Hata mwenye kosa huipokea adhabu kwa moyo mwingine akijua kwamba kesi yake ilisikilizwa.

Kisha, siku za baadaye, uliza tena: «Habari ya shule sasa?» Kidonda huangaliwa hata baada ya kufungwa.

VII. SAUTI ZETU WENYEWE

Tusiwatazame walimu tu. Mtakatifu Paulo aliwaonya wababa wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa (barua kwa Wakolosai, sura ya 3). Ni vigumu kumwambia mwalimu aongee kwa upole, ikiwa nyumbani kwetu watoto huamshwa kwa matusi na kulazwa kwa matusi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kanisa lina mifano ya walimu waliojua kutuliza sauti. Mtakatifu Yoane Batista wa La Salle (1651–1719), ambaye Papa Pio wa 12 alimweka mwaka 1950 kuwa msimamizi wa walimu wote, aliwataka walimu wa shule zake za Ufaransa waseme kidogo tu katika kalasi. Walitumia chombo kidogo cha kutoa mlio, na watoto walijua maana ya kila alama yake. Mtakatifu Yoane Bosko wa Italia (1815–1888) aliandika mwaka 1877 kwamba malezi yasimame juu ya akili, dini na upendo. Wanawe, Wasalesiani, walifika mwaka 1911 katika mji wa Elisabethville, ambao leo waitwa Lubumbashi, nao wafundisha vijana huko hata sasa. Watakatifu hao hawakuwa wakubwa walegevu. Walijua tu kwamba mtoto anayeogopa sauti hulisikiliza tisho, wala halisikilizi somo.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mtoto akilalamika juu ya mwalimu, neno la kwanza la mzazi ni nini?
Jibu: Ni kumwambia: «Vema umeniambia, sema yote, nasikia.»

Swali: Je, kumwuliza mwalimu ni kumdharau?
Jibu: Sivyo. Kumwuliza kwa adabu ni kumheshimu, kwa kuwa twamsikia kabla ya kumhukumu.

Swali: Kwa nini tusimnyamazishe mtoto katika jambo dogo?
Jibu: Kwa sababu akinyamazishwa katika jambo dogo, atanyamaza katika jambo kubwa.

Swali: Ni mambo gani yasiyozungumzwa faraghani na aliyekosa?
Jibu: Mapigo ya kujeruhi, vitisho, na uchafu wowote juu ya mtoto. Hayo hupelekwa mara kwa wakubwa.

Swali: Anayemsimulia jirani mabaya ya mwalimu bila kuuliza, amevunja amri gani?
Jibu: Amevunja amri ya nane.

AZIMIO LA JUMA HILI

Kila jioni, kabla ya sala ya jamaa, mwulize kila mtoto wako jambo moja jema na jambo moja gumu aliloliona mchana. Wasio na watoto wafanye hivyo kwa wadogo zao au kwa watoto wa ndugu. Msikilize bila kukatiza, na bila kutoa hukumu siku ile ile. Mkikutana tena katika mafundisho, mwambieni katekista wenu, bila kutaja siri za watoto, kama kazi hiyo ilikuwa nyepesi au nzito.